Harusi Ina Kamati, Ndoa Haina

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mbona tunajitokeza kwa wingi siku ya shamrashamra, iwe ni mpira, siasa au mapenzi, kisha hatuonekani tena?" Wengi watasema ni uvivu. Sikubaliani nao.

Sisi mashabiki wa K'Ogalo, yaani klabu ya soka ya Gor Mahia, tunapenda kusimulia mwaka 1987, ilipotwaa Kombe la Washindi Afrika. Tunasahau kwamba mechi ya nyumbani na Esperance iliisha sare ya 1-1. Kombe lilitokana na ile 2-2 ya Tunis, kwa kuwa jumla ikiwa sare mabao ya ugenini ndiyo yaliyoamua, nayo yalifungwa mbele ya mashabiki wasio wetu. Hata leo, debi ya Mashemeji na Ingwe, yaani AFC Leopards, hujaza uwanja. Mechi ya katikati ya wiki na klabu ndogo, unachagua kiti unachotaka.

Siasa nisiichimbe sana. Handisheki ya Machi 9, 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipopatana, tuliishangilia hapa Kisumu. BBI, mpango wa kubadilisha katiba uliozaliwa nayo, ulikwama mahakamani hadi Mahakama ya Juu ikauzima Machi 2022, na sidhani wengi wa walioshangilia waliwahi kufungua ile ripoti.

Ninachokijua vizuri ni harusi, maana mimi ndiye mweka hazina wa kudumu wa kamati za harusi mtaani kwetu. Kila jioni naweka orodha kwenye grupu ya WhatsApp: jina, kiasi, tiki kwa aliyetuma, na neno "ahadi" kwa ambaye bado. Mtu akituma mia tano na tiki ichelewe, ananipigia simu usiku. Hema, keki, magari, droni ya kupiga picha, vyote hulipwa. Jumapili jioni watu wanaanza kutoka kwenye grupu mmoja baada ya mwingine. Bwana akiachishwa kazi mwaka unaofuata na kodi ikarundikana, wawili hao hawana kamati. (Ndoa kadhaa imara ninazozijua hazikuwa hata na kreti ya soda.)

Kwa hiyo si uvivu. Tunatoa pale panapoonekana nani katoa. Katika kikao cha juzi nilipendekeza tutenge sehemu ya michango, maharusi wapewe kimyakimya baada ya miezi sita. Wajumbe wakaafiki. Kisha mwenyekiti akauliza, kwa dhati kabisa, siku hiyo ya kuwapa nani atakuwa MC.