Kijana Ana Kazi, Mbona Hataki Gari?

MASWALI YA WASOMAJI

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mstaafu, naishi Kimara, Dar es Salaam. Gari langu la kwanza, Datsun 120Y iliyokwishatumika, nililinunua mwaka 1986 na hadi leo naikumbuka namba yake. Kijana wangu ana miaka 28, ana shahada na ajira ya kudumu, lakini hana gari, hana leseni, wala haonyeshi dalili ya kuvitaka. Nilimwahidi kumwongezea nusu ya bei ya Toyota IST. Akanishukuru kwa adabu, kisha akaniomba fedha hiyo aiingize kwenye kiwanja anachokilipia kidogo kidogo huko Chanika. Wenzangu wananiambia kwamba hata watoto wao walioko Marekani wako hivyo hivyo. Je, ni simu zilizowamaliza hamu vijana hawa, au kuna jambo ambalo sisi wazee hatulioni?

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Tumeifurahia barua yako kwa sababu imeuliza kabla ya kulaumu, na swali lenyewe linaulizwa na wazazi wa nchi nyingi kwa wakati mmoja.

Tuanze na Marekani uliyoitaja, kwa kuwa huko jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Michael Sivak na Brandon Schoettle, walilinganisha takwimu za leseni wakaona kwamba mwaka 1983 vijana wapatao asilimia 46 ya wenye umri wa miaka 16 walikuwa na leseni ya udereva, ilhali mwaka 2014 waliokuwa nayo hawakufika asilimia 25. Mtu anaweza kusema kwamba hao ni watoto bado, lakini hata kwa wenye miaka 20 hadi 24 kiwango kilishuka kutoka karibu asilimia 92 hadi asilimia 77. Si jambo dogo hilo, katika nchi ambayo mtu asiye na gari, akishatoka nje ya miji michache mikubwa, hupata taabu hata ya kufika dukani.

Kuhusu simu, watafiti hao hao mwaka 2013 waliwauliza watu wa miaka 18 hadi 39 wasio na leseni ni mambo gani yaliwazuia kuitafuta, na mtu aliweza kutaja zaidi ya sababu moja. Asilimia 37 walijibu kwamba hawajapata muda wa kuishughulikia, asilimia 32 walitaja gharama za kumiliki na kutunza gari, na asilimia 31 walisema wanapata watu wa kuwapa lifti. Waliosema kwamba intaneti inawatosha kuwasiliana na kufanya shughuli zao walikuwa asilimia 8 tu. Simu ina sehemu yake, nami nitaifikia, ila kuitwika mzigo wote ni kuikwepa sababu iliyo nzito zaidi, nayo ni fedha. Mwaka 2018 wachumi wa Benki Kuu ya Marekani waliwalinganisha vijana wa sasa na vizazi vilivyotangulia vilipokuwa na umri huo huo. Waligundua kwamba vijana wa leo wana kipato kidogo na mali chache zaidi, na kwamba tofauti ya kipato ikishazingatiwa, matumizi yao, yakiwemo ya magari, hayapishani sana na ya waliowatangulia. Naomba ulitafakari hilo, mzee wangu, kwa maana linatuondoa kwenye swali la hamu imekwenda wapi na kutupeleka kwenye swali la gari linamgharimu nini kijana na linamfanyia kazi gani.

Ulipoinunua Datsun yako, nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika miaka migumu iliyofuata vita vya Kagera. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, petroli ilipatikana kwa shida, na wenye umri wako wanakumbuka jinsi magari binafsi yalivyozuiwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Ruhusa ya mtu kuagiza bidhaa kwa fedha zake za kigeni ilikuja mwaka 1984. Mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, hayakutosheleza jiji, na daladala zilikuwa zimehalalishwa mwaka 1983 tu. Katika hali hiyo mwenye gari alikuwa amejipatia mambo mengi kwa mkupuo: alifika kazini bila kugombania mlango wa basi, aliweza kumkimbiza mgonjwa Muhimbili usiku wa manane, alikwenda ukweni bila kuomba lifti, na majirani walimhesabu miongoni mwa watu waliofika. Ninaamini kwamba furaha uliyokuwa nayo haikuwa ya bati na injini peke yake. Ilikuwa ya kutoka kwenye dhiki ambayo kijana wako hakuikuta.

Yeye amekuta jiji jingine. Mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, mlangoni pako kabisa, na yanapita katika njia yao wenyewe huku magari binafsi yamesimama kwenye foleni. Sitasema kwamba usafiri huo hauna kero, maana msongamano wa vituoni asubuhi unafahamika na ni haki ya abiria kuulalamikia. Hata hivyo, mwaka huo huo Uber iliingia Dar es Salaam, kampuni nyingine kama Bolt zikafuata, na bodaboda ziko kila kona. Hapo ndipo simu inapoingia: kijana anaweza kumwita dereva saa saba usiku, akajua nauli kabla ya kupanda, akafika, asiulizwe habari za spea wala maegesho.

Sasa tuichukue IST yenyewe, tuipigie hesabu. Toleo lake la kwanza lilitengenezwa Japani kati ya mwaka 2002 na 2007, kwa hiyo kila moja inayoingia leo imeshapita miaka 10. Tuseme ina injini ya cc 1,300 na thamani yake hadi kufika bandarini, pamoja na usafirishaji na bima, ni shilingi milioni 6. Kwa viwango vilivyotumika miaka ya karibuni, ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani milioni 1.5, na jumla inakuwa milioni 7.5. Juu ya jumla hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, ambao ni shilingi 375,000, na nyongeza ya asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu, ambayo ni shilingi 2,250,000. Kisha VAT ya asilimia 18 inatozwa juu ya vyote hivyo, nayo inafika shilingi 1,822,500. Ukijumlisha, kodi peke yake ni shilingi 5,947,500, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, na hapo bado hatujataja tozo ya reli, gharama za bandari, wakala wa forodha na usajili. Baada ya hapo kuna bima, angalau ile ndogo, kuna mafuta ambayo bei yake kikomo hutangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na kuna fundi.

Iweke hesabu hiyo mbele ya mshahara wa kijana mwenye miaka michache kazini. Ikiwa alisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi kabla hajaugusa. Kinachobaki kinagawanywa kati ya kodi ya nyumba, nauli, chakula, michango ya harusi na misiba, na mara nyingi ada ya mdogo wake. Gari litashuka thamani mwaka baada ya mwaka, ilhali kiwanja cha Chanika yumkini kitapanda. Kwa maoni yangu kijana wako hajakosa ari ya maisha. Amepanga vipaumbele vyake kwa utaratibu ambao mzazi yeyote angeutamani, na ombi lake kuhusu ile nusu ya fedha linaonyesha mtu anayefikiri miaka 20 mbele.

Inafaa pia kutazama gari hilo linakotoka. Japani iliuza magari mapya zaidi ya milioni 7.7 mwaka 1990, nayo kwa miaka ya karibuni huuza chini ya milioni 5. Idadi ya watu imezeeka, ni kweli, lakini hata vijana waliopo mijini wanasita. Gari jipya huko hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila baada ya miaka miwili, kwa gharama kubwa, na katika sehemu nyingi za nchi mnunuzi hasajiliwi gari mpaka athibitishe kwamba ana mahali pa kuliegesha. Treni zao zinafika kwa dakika ile ile iliyopangwa. Gharama hizo zinazomkatisha tamaa kijana wa Tokyo ni sehemu ya sababu zinazofanya magari mazima, yenye kilomita chache, yatolewe mapema na kupakiwa melini kuja kwetu.

Lakini nisikubali kwamba mapenzi ya magari yamekufa, kwa sababu hayajafa. Mashindano ya Safari yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazee wengi bado wanamtaja Joginder Singh aliyeshinda mara tatu, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano. Yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, miongoni mwa waliofurika kwenye vumbi la Naivasha walikuwamo vijana wengi. Nairobi kuna vijana wanaozijua nganya, yaani matatu zilizopambwa, zote za njia yao kwa jina, rangi na muziki, wakaiacha matatu tupu ipite ili wapande ile waipendayo. Huku kwetu, muulize kijana yeyote wa kijijini anachokitamani akivuna. Atakutajia pikipiki, atataja na aina yake. Hamu ipo. Iliyopungua ni ile imani kwamba mtu hajawa mtu mzima mpaka awe na funguo za gari mfukoni, na mimi binafsi sioni hasara katika kupungua kwake.

Jambo moja tu ningekuomba umshauri: ajifunze kuendesha na achukue leseni, hata kama hatanunua gari kwa miaka mingi, kwa sababu ipo siku atahitajika kushika usukani wa gari la mtu mwingine, na siku ya dharura si siku ya kujifunza.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wanne, naandika kutoka Zanzibar. Mwanangu wa pili ana miaka 24 na anafanya kazi London. Kila nikimuuliza kuhusu gari hujibu kwamba halihitaji. Jirani yangu ananitia wasiwasi kwamba pengine mambo yake si mazuri na ananificha.

JIBU: Waalaykumu salaam, mama yetu. Kwa jambo hili pekee usiwe na wasiwasi. Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa miaka 17 hadi 20 wenye leseni walikuwa asilimia 48. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 29. Watafiti waliochunguza mabadiliko hayo kwa niaba ya Wizara ya Uchukuzi ya huko walitoa taarifa mwaka 2018, na sababu nyingi walizozitaja zilikuwa nje ya barabara kabisa: vijana wanasoma miaka mingi zaidi, ajira zao hazina uthabiti, wanapanga badala ya kununua nyumba, na wanachelewa kuoa na kuolewa.

London ina masharti yake zaidi ya hayo. Anayeingia katikati ya jiji kwa gari hulipia msongamano, utaratibu uliopo tangu mwaka 2003, na tangu Agosti 2023 gari la zamani linalochafua hewa kupita kiwango hutozwa pauni 12.50 kwa siku popote jijini. Bima ya dereva kijana ni ghali mno, na tangu janga la UVIKO-19 kusubiri tarehe ya mtihani wa udereva kumechukua miezi mingi. Treni za chini ya ardhi na mabasi humfikisha karibu kila mahali. Angekuwa anaishi katika mji mdogo wenye basi moja kwa saa, ningelijibu swali lako kwa namna nyingine.

SWALI: Mhariri, tunasikia kila siku kwamba vijana hatupendi magari. Mimi nina miaka 26, nipo Morogoro, nanunua mbogamboga Mgeta na kuzileta mjini, nami natamani sana kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Je, nikope?

JIBU: Mdogo wangu, kwako gari ni chombo cha kazi, na hesabu yake ni nyepesi kuliko ya kijana wa Kimara. Andika kwa miezi mitatu kila shilingi unayolipa kukodi usafiri, pamoja na thamani ya mboga zinazoharibika ukisubiri gari. Linganisha wastani wa mwezi na marejesho ya mkopo, mafuta, bima na matengenezo, ukikumbuka kwamba barabara ya kupanda Mgeta inachosha breki na klachi kuliko barabara ya tambarare, na kwamba wakati wa masika utahitaji kirikuu yenye kuvuta kwa magurudumu yote manne. Ukitaka kubeba mizigo ya wengine kwa malipo, weka na gharama ya leseni ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Gharama za gari zikitoka ndogo kuliko unazolipa sasa, kopa kwenye SACCOS ambayo unajua riba yake, na fundi unayemwamini alikague gari hilo kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba.