Muulize Mwanao Atamkimbilia Nani

Mwanangu alikuwa darasa la nne alipoanza kurudi nyumbani na njaa. Kila asubuhi nilimpa mia tano ya mihogo, lakini jioni alikuwa akiingia tu, moja kwa moja kwenye sufuria, anakwangua hadi ukoko. Nikadhani anakua. Kumbe wavulana wawili wa darasa la saba walikuwa wakimnyang'anya ile hela nyuma ya vyoo, na walishamtisha kwamba akisema atakiona.

Hakuniambia mimi. Alimwambia mama anayeuza mihogo getini. Yule mama aliona siku ya tatu mtoto anapita bila kununua, akamwita, akampa kipande, akamuuliza, "Vipi baba, mbona siku hizi hunioni?" Akamweleza yote.

Iliniuma sana. Kisha nikakumbuka kwamba muhula wa nyuma alirudi na shati limechanika, nami nikamfokea: "Na wewe kwa nini hukumrudishia?" Siku ile nilimfundisha kwamba kwangu hakusemeki.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, usingoje mtoto aonewe ndipo umtafutie wa kumwambia. Muulize mapema, mkiwa mnachambua mchele au mnatembea, maana mtoto aliyekalishwa kwenye kiti akakodolewa macho hasemi kitu: "Ukionewa shuleni, utamkimbilia nani?" Mwache ataje mwenyewe. Wangu alitaja bibi yake, mwalimu wa michezo na yule mama wa mihogo. Mwalimu wa malezi hakumtaja, nami sikumlazimisha. Nilikwenda kwa kila mmoja wao kumweleza kwamba mtoto amemchagua, na kumwomba akiambiwa jambo asilipuuze, anijulishe.

Tulifanya na mazoezi ya kusema, kwa sababu mtoto anayeogopa kuitwa mchongeaji hukwama kwenye neno la kwanza. "Mwalimu, naomba tuongee pembeni." Tulilirudia jikoni mpaka likamtoka bila kigugumizi. Akaikariri pia 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, ambayo hapa Tanzania inapigwa bure. Na nikamwambia wazi: mtu mzima atakayesema "hii iwe siri yetu, mama asijue," huyo mkimbie uje kwangu.

Akikuambia, usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Huenda ukalazimika kwenda shuleni. Mimi humwambia, "Kabla sijaongea na yeyote, nitakuambia kwanza." Na usiende shuleni siku hiyohiyo ukifoka mbele ya wenzake. Nilimwomba mwalimu mkuu nafasi tukazungumza ofisini, na wale wavulana wakaitwa pamoja na wazazi wao.

Sasa yuko darasa la sita na watu wake wamebadilika. Mwezi uliopita alimwondoa mwalimu wa michezo, kwa sababu alimweleza jambo akacheka. Sikumbishia. Jana tukiwa tunaosha vyombo akaniambia, bila kuniangalia, kwamba nafasi ile ameniweka mimi.