Jiwe lenye mistari ya ubao: liliwahi kuwa mti?

Ndugu, umeuliza kama jiwe lako lenye mistari ya ubao liliwahi kuwa mti, na mti huwaje jiwe.

Mistari peke yake isikudanganye. Miamba mingi ina matabaka. Tazama upande uliokatika kwa lenzi: ukiona pete za ukuaji au vitundu vya mishipa ya maji, huo ulikuwa mti. Likikwaruza kioo, huenda limejaa silika, yaani madini magumu yaliyomo kwenye mchanga na kioo.

Kugeuka kwenyewe ni kazi ya maji. Gogo likifukiwa upesi na matope au majivu ya volkano, oksijeni haifiki na kuoza hupungua sana. Maji ya ardhini yenye silika iliyoyeyuka hupenya hadi ndani ya seli, silika ikaganda humo kidogo kidogo na kushika nafasi ya mbao. Ndiyo maana hata umbo la seli husalia! Wekundu na umanjano huletwa na chuma.

Magogo ya Petrified Forest, Arizona, Marekani, yana zaidi ya miaka milioni 200. Ile ni hifadhi ya taifa, kuokota hata kijipande ni kosa. Basi kabla hujaliuza lako, uliza sheria za mahali ulipolitoa.