Kucheza Kiboko ukiwa na nyeusi: kujipanga ni rahisi, kutoka ndiko kazi

Anayeniona kwa mara ya kwanza nikipanga kete hivi hudhani sijui sataranji. Askari wangu sita wanasogea mraba mmoja mmoja tu: a6, b6, d6, e6, g6, h6 (herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni safu ya mlalo ikihesabiwa kutoka upande wa nyeupe). Maaskofu wanakaa b7 na g7, farasi d7 na e7. Hatua 10 zimekwisha na hakuna kete yangu hata moja iliyovuka safu ya 6. Mpango huu unaitwa Kiboko, na jina limeufaa kweli: mwili wote umo majini, macho tu ndiyo yako juu.

Usiudharau. Mwaka 1966, akiwania ubingwa wa dunia mjini Moscow, Boris Spassky aliucheza mara mbili dhidi ya Tigran Petrosian, na michezo yote miwili ikaisha sare.

Nilichoupendea ni kwamba hauna mengi ya kukariri. Mwenye nyeupe afungue kwa e4 au d4, mimi najipanga vilevile. Urahisi huo ndio ulionidanganya. Kwenye mchezo mmoja ambao siusahau, nilimpeleka mfalme g8 mapema kwa mazoea, kwa kuwa tumefundishwa sote kumficha mfalme haraka. Mpinzani alikuwa na askofu e3 na malkia d2, wote wawili wakikodolea h6, ambapo mlinzi wangu alikuwa askofu wa g7 peke yake. Askofu wake akala h6, wangu akamla, malkia akaingia. Kisha farasi g5, akitishia mati, yaani kumnasa mfalme asiwe na pa kukimbilia, kwenye h7. Nikamrudisha farasi wangu f6 kuziba, naye akasukuma e5 kumfukuza. Nilisalimu amri kabla ya hatua ya 20.

Tangu siku hiyo mfalme wangu hukaa e8 mpaka nijue h6 iko salama. Mara nyingine hahami kabisa, na hapati shida, kwa sababu katikati bado pamefungwa.

Kinachoamua mchezo ni jinsi unavyojibu askari wa mpinzani wanapokuja. Akisukuma e5, mjibu d5, kisha tafuta nafasi ya kusukuma c5. Akisukuma d5, mjibu e5, na silaha yako inakuwa f5. Pembeni ni vivyo hivyo: a4 hadi a5 unampita kwa b5, h4 hadi h5 unampita kwa g5. Humli, unampita, na mistari inabaki imefungwa. Ukimla kwa pupa unamfungulia njia, na kete zako zilizobanana safu ya nyuma hazitawahi kuja kuokoa.

Kubanana huko ndiko udhaifu mkubwa wa Kiboko. Ngome zangu hukaa muda mrefu bila kazi. Hatari nyingine ni f4 ikifuatiwa na f5: inagonga e6 na g6 kwa pamoja, na ukuta mzima unatikisika.

Anayenitesa zaidi hata hivyo si mwenye hasira, ni mtulivu: anapanga kete zake vizuri, anashikilia e4 na d4, halafu hasukumi kitu. Zamani nilikuwa namsubiri. Siku hizi nasukuma c5 mwenyewe, hata kama sioni mbali, maana nikiendelea kuisogeza ngome a8, c8, a8 tena, namwachia muda wote anaouhitaji kuiandaa f4.