Swali la lugha: Je, picha ya tomografia "hujengwa upya"?

Msomaji anayetafsiri muhtasari wa makala ya fizikia ya tiba ameandika kichwa hiki: "Uboreshaji wa ujenzi upya wa picha katika tomografia ya mng'ao wa eksirei." (Tomografia ni njia ya kupata picha za ndani ya mwili, tabaka kwa tabaka.) Mwenzake kamwambia "ujenzi upya" ni kosa. Anauliza nani kati yao yuko sahihi.

Kisarufi hakuna kosa. Kasoro iko kwenye maana. Nyumba hujengwa upya baada ya kubomoka, lakini katika tomografia hii hakuna picha iliyotangulia. Mionzi ya eksirei hupenya mwilini na kuzikuta chembe ndogo mno zilizotiwa humo. Chembe hutoa mwanga, mwanga hutawanyika ndani ya tishu, na kamera iliyo nje huambulia doa lililosambaa tu. Kazi ya kompyuta ni kupiga hesabu kinyumenyume, kutoka kwenye doa hadi zilipo chembe. Picha inapatikana kwa mara ya kwanza kwenye hesabu hiyo. Sema "kuunda picha", na hilo "upya" uliache. Na picha huundwa "kutokana na vipimo", si "kutoka vipimo".

Kinachonikera zaidi ni "mng'ao wa eksirei", ambao mwenzake hakuugusa. Nyota hung'aa, na shaba iliyosuguliwa nayo hung'aa, kwa hiyo neno hilo halituambii kama mwanga umetoka ndani ya kitu au umeakisiwa tu. "Kuwaka" nako kunaleta harufu ya moto. Halafu kuna hiyo "wa", inayoifanya eksirei kuwa mwenye mwanga. Eksirei haionekani kwa macho. Mwanga ni wa chembe, eksirei imeuchochea tu. Mwanafizikia Mjerumani Röntgen mwenyewe aliigundua mionzi hiyo mwaka 1895 baada ya kuona kiwambo kilichopakwa kemikali ya bariamu kikitoa mwanga gizani: alichokiona ni mwanga wa kiwambo, si mionzi. Ningeandika "mwanga uchochewao na eksirei". Ni maneno mengi kidogo, ila kila moja lina kazi.

Ndani ya muhtasari wake, msomaji ameziita chembe hizo "chembe za fosforasi". Huo ni mtego. Fosforasi ni elementi, na chembe zinazotumika sana katika kazi hii ni za gadolini, oksijeni na salfa, zikitiwa yuropiamu kidogo ili zitoe mwanga mwekundu. Fosforasi haimo hata chembe. "Chembe zitoazo mwanga" inatosha.

Tuje kwenye "uboreshaji". Ukisema "kuboresha picha", msomaji wa Kiswahili anawaza picha iliyokwisha kupigwa, sasa inatiwa rangi na kusafishwa. Watafiti hawa wanaboresha hesabu yenyewe. Vipimo peke yake havitoshi: mitawanyiko mingi tofauti ya chembe inaweza kuleta doa lilelile, na kelele kidogo kwenye kamera, yaani makosa madogo ya vipimo yasiyo na mpangilio, huvuruga jibu lote. Ndiyo maana huiongezea kompyuta maarifa ya awali, kwa mfano kwamba chembe zimejikusanya sehemu chache tu, au hutumia mwale mwembamba wa eksirei ili ijulikane mwanga umezaliwa kwenye njia ipi. Mwale mwembamba huleta picha kali lakini huchelewesha upimaji. Mwale mpana uliotanuka kama koni una haraka, ila hesabu yake ni ngumu zaidi.

Isitoshe, "uboreshaji wa uundaji wa picha" ni msururu wa nomino unaomchosha msomaji kabla hajafika kwenye jambo. Kiswahili hupenda kitenzi. Kichwa changu kingekuwa: "Kuunda picha bora zaidi katika tomografia ya mwanga uchochewao na eksirei."

Kuna pia sentensi yake ya tatu, "kompyuta inakisia mahali pa chembe". Anayekisia anaweza kuwa hana kipimo chochote mkononi. Kompyuta hapa inavyo vipimo, kwa hiyo inakadiria.