Kabla hujatangaza kwamba galaksi imewaka

Msomaji amenitumia grafu ya galaksi 3C 279 aliyoichora kwa data ya darubini ya angani Fermi. Katika miaka ambayo galaksi imetulia, kila Oktoba miali ya gama inapanda kidogo kisha inashuka. Anauliza kama ni mashimo meusi mawili yanayozungukana.

Ni Jua. Kila mwaka, mnamo tarehe 8 Oktoba, Jua hupita mbele ya 3C 279, na Jua nalo hutoa miali ya gama. Kwenye gtmktime, programu ya Fermi ya kuchuja vipindi vya muda, ongeza sharti la kutupa muda wote ambao Jua liko chini ya nyuzi 15 kutoka kwenye galaksi yako.

Majirani, yaani vyanzo vingine vya gama vilivyo karibu angani, ndio wanaoharibu kazi nyingi. Kwa fotoni (chembe za mwanga) zenye nishati ya MeV 100, Fermi hukosea mwelekeo kwa nyuzi 5 hivi. Kwa GeV 1, yaani MeV 1,000, kosa hushuka chini ya nyuzi 1. Kwa hiyo chukua duara la nyuzi 15, lakini kwenye modeli ingiza vyanzo vya 4FGL, katalogi ya Fermi ya vyanzo vya gama, hadi nyuzi 20 au zaidi, pamoja na mng'ao wa Njia Nyeupe na ule wa anga zima. Kwenye gtselect, programu ya kuchagua fotoni, weka evclass=128 na evtype=3 (mpangilio wa kawaida wa kuchunguza vyanzo), na pembe ya zenithi (pembe kutoka juu kabisa, utosini) isizidi nyuzi 90, maana ukingo wa angahewa la Dunia unang'aa kwa gama kuliko galaksi yoyote unayoitafuta.

Tafadhali, usichore idadi ya fotoni. Tangu Machi 2018 paneli moja ya sola ya Fermi haizunguki, na kuna wiki ambazo sehemu fulani ya anga hutazamwa kidogo mno. Acha gtlike, programu ya kulinganisha modeli na data, ikupe mtiririko halisi.

Ukigawa data kwa siku moja moja, gandisha umbo la spektra (jinsi fotoni zinavyogawanyika kwa nishati), uachie kiwango tu kibadilike. TS, kipimo cha jinsi chanzo kinavyojitokeza wazi kwenye data, ikiwa chini ya 9, weka kikomo cha juu, si nukta. TS ya 25 ni takriban sigma 5, yaani ni vigumu sana iwe bahati tu. Hapo ndipo pa kuanzia kuzungumza.

Mwako ukibaki baada ya hapo, darubini za ardhini kama H.E.S.S. ya Namibia zinaweza kuufuatilia. Lakini 3C 279 iko mbali, mhamo wake mwekundu (kipimo cha umbali wa galaksi) ni 0.536: fotoni zenye mamia ya GeV nyingi humezwa njiani na mwanga wa nyota za galaksi nyingine. Galaksi PKS 2155-304, yenye mhamo wa 0.116 tu, ndiyo iliyoiruhusu H.E.S.S. kuona mwanga ukibadilika ndani ya dakika chache Julai 2006.