Mume Wangu Ananiaibisha Kanisani

*Shangazi, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Muyeye hapa Malindi na nina kibanda cha vitenge sokoni. Mume wangu ni fundi wa kuezeka makuti kwenye nyumba za wageni. Shida yangu ni kwamba hampendi Mungu. Kanisani huja na kandambili na shati lile lile, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, na mimi ni mweka hazina wa akina mama, kiti changu kiko mbele.*

*Mwezi wa tano tulikuwa na changizo la kutoa mabati na kuweka vigae. Majina yalikuwa yakisomwa kwa kipaza sauti. Nikasimama nikaahidi shilingi 50,000 kwa jina la familia yetu, watu wakapiga makofi na vigelegele. Tulipofika nyumbani mume wangu akasema pesa hizo hana na hatatoa. Sasa kila Jumapili jina letu linasomwa kwenye orodha ya wasiomaliza ahadi, na wenzangu wananicheka.*

*Isitoshe, nimeona kwenye simu yake anatuma pesa kila mwisho wa mwezi kwa mwanamke wa Kakuyuni, na Jumamosi nyingine anapotelea huko kutwa nzima. Mamake pia anaishi Kakuyuni, ni mzee, macho yamefifia hata simu hawezi kutumia, lakini kwa mamake hasemi lolote. Mama mmoja wa maombi ameniambia macho ya mavyaa yamefungwa kwa sababu ya ahadi hii, na tukiilipa yatafunguka. Nimfanyeje mume asiyejali mambo ya Mungu?*

*Mwenye Aibu, Muyeye*

Asifiwe milele, mwanangu. Kusomewa deni mbele ya watu kila Jumapili kunauma, na aliyeanzisha utaratibu huo hapo kanisani kwenu hakukutendea haki. Kwa hilo nakupa pole. Lakini barua yako nimeisoma nikairudia, na mtu niliyemwonea huruma zaidi ni huyo bwana mwenye kandambili.

Tuanze na mwanamke wa Kakuyuni, maana najua ndiye anayekukosesha usingizi kuliko vigae. Umeandika kwa mkono wako kwamba mavyaa yako anaishi Kakuyuni. Umeandika kwamba haoni vizuri na simu hawezi kuitumia. Sasa hebu niambie, mtoto anayetaka kumtumia pesa mama wa namna hiyo atazipitishia wapi? Si kwa simu ya jirani, au ya binti anayemtekea maji? Na hizo Jumamosi, fundi wa makuti akipotea kutwa nzima kijijini kwa mamake, wewe umewahi kumuuliza paa la nyanya ya watoto wako linavuja au halivuji? Siwezi kukuapia kwamba hakuna jambo jingine, kwa sababu sikuwapo. Ila ushahidi ulionipa wewe mwenyewe unaelekea kwa mama mzee, hauelekei kwa hawara. Wewe umeuona ukaupita, kwa sababu mume mzinzi angekupa sababu nzuri ya kuwaeleza wenzako kwa nini ahadi haijalipwa.

Umesema hasemi lolote kuhusu mamake. Mwanangu, amwambie nani? Mke anayesimama mbele ya kipaza sauti akaahidi elfu hamsini bila hata kumgusa bega akamnong'oneza? Tena mwezi wa tano! Wewe ni mke wa fundi, unajua Malindi mwezi wa tano ikoje. Masika yananyesha, hoteli nyingi zimefunga, wenye nyumba wamerudi kwao Italia, na mtu wa makuti anakaa barazani akingoja mvua ipungue ndipo aitwe kwenye marekebisho kabla wageni wa mwezi wa nane hawajafika. Huo ndio mwezi uliochagua kumtoa ukarimu wake hadharani. Bwana Yesu mwenyewe aliuliza, katika Luka 14, ni nani atakaye kujenga mnara asiyeketi kwanza akahesabu gharama. Na Mhubiri anasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Yote mawili umeyasikia yakihubiriwa. Mweka hazina hawezi kuniambia hajui kuhesabu.

Na kibanda cha vitenge ni cha nani? Umekitaja kwenye mstari wa kwanza, kisha hukukirudia tena. Pesa za kuahidi zilikuwa za mume, pesa za kibandani hazikuguswa. Tunapenda sana kumtaja yule mjane wa senti mbili, lakini yule mama alitoa zake. Hakusimama hekaluni akaahidi za mtu mwingine. Wazee wetu wa pwani walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo huo lazima uwe wako wewe unayetoa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenikasirisha, na silifichi. Huyo mama wa maombi aliyekwambia macho ya mavyaa yatafunguka mkilipa elfu hamsini. Simoni wa Samaria alipotaka kununua nguvu za Roho kwa pesa, Petro alimjibu: fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Hakumpa hata kiti. Mungu hamshiki bibi kizee rehani kwa ajili ya vigae. Na sisi watu wa Malindi ndio wa mwisho kabisa kusikiliza maneno ya namna hiyo. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, ya watu walioambiwa wakatae chakula na hospitali ili wakamwone Yesu. Haikuanza na njaa. Ilianza na watu kuambiwa kwamba daktari hana kazi na kwamba anayehubiri ndiye anayejua kila kitu. Mtu akikwambia ugonjwa wa mzee unatibiwa kwa kulipa ahadi ya kanisa, ondoka hapo, hata kama anaomba hadi anatoka jasho.

Macho ya mzee yakififia polepole, mara nyingi ni mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji mdogo, jicho linatiwa ganzi, na wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Yaweza pia kuwa presha ya macho, ambayo ikichelewa haina marejeo, na ndiyo maana asingoje. Daktari wa macho atawaambia ni lipi. Inawezekana kabisa kwamba mume wako anaweka pesa kidogo kidogo kwa ajili ya hilo, na wewe unamsimamia mlangoni ukimdai vigae.

Kuna habari katika Marko sura ya 7 ambayo sijui kwa nini haisomwi kwenye machangizo. Walikuwako watu waliowaambia wazazi wao, kile ambacho ningekusaidia nacho nimeshakiweka wakfu kwa Mungu, kwa hiyo usinitazamie. Mbele za watu walionekana wacha Mungu sana. Yesu aliwaambia wanalitangua neno la Mungu. Paulo naye alimwandikia Timotheo kwamba asiyewatunza walio wake ameikana imani, tena ni mbaya kuliko asiyeamini. Basi pima mwenyewe, kati ya anayekaa mbele na anayekaa karibu na mlango, nani yuko karibu na maandiko hayo.

Unasema anavaa shati lile lile. Linafuliwa? Kama linafuliwa, ugomvi umekwisha. Yakobo aliwakaripia wazi wale waliompa mwenye pete ya dhahabu mahali pazuri na kumwambia maskini asimame kule. Samweli alipokwenda kumtia mafuta mfalme, akamwona Eliabu na kimo chake, aliambiwa kwamba wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo. Na hapa kwetu, Krapf na Rebmann walipofungua misheni Rabai mwaka 1846, mtu wa kwanza kuipokea imani alikuwa Mringe, kiwete maskini. Hakuwa na kiti cha mbele. Hata kile kikanisa cha Wareno kando ya bahari hapa mjini, cha tangu enzi ya mmisionari Francis Xavier aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea India, ni kuta nyeupe na paa la makuti. Makuti, mwanangu, kazi ya mikono ya mume wako. Sipingi vigae. Napinga vigae vinavyoezekwa juu ya mama asiyeona.

Na hili si lako peke yako. Ndoa za siku hizi zimejengwa kwa ajili ya wanaotazama. Harusi inaundiwa kamati, kamati inafanya vikao mwezi mzima, sare za rangi mbili, magari ya kukodi, mpiga picha wa kuwafuata hadi ufukweni. Miezi michache baadaye mwenye nyumba anabisha mlango akidai kodi. Ninao marafiki walioishi pamoja miaka na miaka, watoto wamekua, hawajafunga ndoa na hawashiriki Meza ya Bwana, kisa wanaogopa gharama ya harusi. Gharama gani? Sheria ya Ndoa ya 2014 haijataja keki. Mkishatoa notisi, wanatakiwa mchungaji mwenye leseni na mashahidi wawili. Hata ibada ya Jumapili yatosha, mkafunga ndoa kisha mkaenda nyumbani kula wali. Lakini hakuna anayetaka, kwa sababu watasema nini watu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wanawake wangu wazuri wanalia usiku kwa sababu ya watu ambao hata jina la mtoto wao wa pili hawalijui.

Nirudi kwako. Siamini kwamba wewe ni mwanamke mbaya. Naamini ulipenda yale makofi, na makofi yakakupeleka mahali ambapo mfuko hauwezi kufika. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mama wa kanisa pia.

Nenda kwa mchungaji katikati ya wiki, peke yako, bila wenzako. Mwambie ahadi ile ilikuwa yako na mume wako hakuulizwa. Mwambie utatoa kiasi utakachoweza kutoka kibandani, polepole, na kwamba jina la familia litolewe kwenye orodha. Akiwa mchungaji wa kweli atalitoa siku hiyo hiyo. Akikataa, utakuwa umejifunza jambo kubwa juu ya mahali unapoabudu, na utajua la kufanya. Bahasha zako kuanzia sasa ziende bila jina. Hilo la mwisho litakuwia gumu kuliko yote, nalijua.

Mume usimpekue simu tena. Ijumaa usiku mwambie, Baba Fulani, kesho nakwenda nawe Kakuyuni. Usimwombe maelezo wala usimpe hotuba. Beba unga na mchele, sukari ukiweza, na kitenge kimoja kizuri kutoka kibandani, si kile kilichokaa kikapauka juani. Ukifika mwamkie mavyaa kwa magoti kama ulivyofundishwa, kaa naye mkekani, umuulize macho yalianza lini na kama anaona zaidi mchana au jioni, maana daktari atataka kujua. Huyo mwanamke anayepokea pesa utamwona huko huko. Kama ni jirani anayemlisha mama mkwe wako, mshukuru kwa kinywa chako. Kama ni mambo mengine, niandikie tena na nitakuwa upande wako.

Na sare mpya za akina mama, kama bado hujalipia, usilipie. Pesa hizo ziwe nauli ya mavyaa ya kwenda hospitali na kurudi.